Sarafu Moja na Misikiti Miwili: Darsa la Safari Yangu Uingereza



Ndugu zangu wanafunzi, katika Surat al-Ankabut aya ya 20 Allah (S.W.) anatuamrisha tutembee katika ardhi na tutazame. Likizo iliyopita mjomba wangu anayeishi London alinialika, nami nikanuia kutazama kwa jicho la mwanafunzi, siyo kupiga picha tu. Zifuatazo ni sehemu tatu nilizozipenda zaidi, na somo nililolipata katika kila moja.

1. Sarafu ya Mfalme Offa

Katika jumba la makumbusho la British Museum, London, kuna sarafu ndogo ya dhahabu ya Offa, aliyetawala Mercia, sehemu ya Uingereza ya leo, kuanzia mwaka 757 hadi 796. Offa hakuwa Mwislamu. Lakini sarafu yake imeigwa kutoka dinari ya Khalifa al-Mansur wa Bani Abbas ya mwaka 157 Hijria, na ina maneno ya Kiarabu ya kumpwekesha Mwenyezi Mungu! Katikati yake limechongwa jina la mfalme kwa Kilatini, ila limekaa juu chini ukililinganisha na Kiarabu. Inaonekana fundi aliyeichonga hakujua kusoma alichokuwa anakiiga.

Nilitaka kucheka, kisha nikaona haya. Katika mwaka wangu wa kwanza nilinakili matini ya Kiarabu, nikaikariri, nikafaulu mtihani. Ungeniuliza maana yake wiki iliyofuata, ningekuwa sawa na yule fundi. Somo: tusibebe maneno ya tauhidi kama sarafu inavyoyabeba.

2. Msikiti wa Shah Jahan, Woking

Kutoka London ni kama nusu saa kwa treni. Ni msikiti mdogo wenye kuba la kijani, nao ndio wa kwanza Uingereza kujengwa mahususi uwe msikiti. Ulijengwa mwaka 1889 na Gottlieb Wilhelm Leitner, mtaalamu wa lugha ambaye hakuwa Mwislamu, kwa msaada wa Shah Jahan Begum, mwanamke aliyetawala Bhopal, India. Leitner alifariki mwaka 1899, na msikiti ukakaa karibu bila kutumika mpaka mwaka 1913. Jengo lilikuwepo, wa kuliendesha hawakuwepo.

3. Brougham Terrace, Liverpool

Hapa hakuna kuba. Ni nyumba katika safu ya nyumba za mjini. Abdullah Quilliam, mwanasheria wa Liverpool aliyesilimu baada ya kuzuru Morocco mwaka 1887, alifungua msikiti hapa mwaka 1889. Yeye na wenzake walirushiwa mawe na matope, lakini walivumilia. Walianzisha shule, makao ya watoto na gazeti la kila wiki.

Mwaka 1908 Quilliam aliondoka nchini. Jumuiya ikatawanyika, na jengo likaja kuwa ofisi ya serikali ya mji, ya kusajili vizazi, vifo na ndoa. Halikurudi kuwa msikiti hadi mwaka 2014. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 100!

Hapo ndipo nilipokaa nikafikiri sana. Watu hawa hawakukosa imani wala bidii. Ila kazi nyingi ilining'inia kwa mtu mmoja, naye alipoondoka ikaanguka.

Tujitazame sisi

Ndugu zangu, sisi tuna hali gani? Darsa letu la Alhamisi baada ya Magharibi lilisimama muhula mzima kwa sababu ndugu aliyelisimamia alihitimu akarudi kwao. Hakuna hata aliyejua ufunguo wa kabati la vitabu uko wapi. Hatukurushiwa mawe na mtu yeyote. Tulijiangusha wenyewe.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu:

- Kila mwenye jukumu awe na msaidizi kutoka mwaka wa chini, anayeifanya kazi pamoja naye, siyo jina kwenye orodha tu.
- Mambo yaandikwe: ratiba, vitabu vilivyoazimwa, michango, na ufunguo uko kwa nani.
- Katika kila darsa tusome aya chache, tusiondoke mpaka kila mmoja aweze kueleza maana yake kwa lugha yake.

Swali la kujadili katika halaqa: kama wote wa mwaka wa mwisho wangeondoka kesho, ni kazi gani ya jumuiya ingeendelea wiki ijayo? Jibuni kwa ukweli, hata kama jibu litatuuma.

Tunamuomba Allah atujaalie elimu yenye manufaa, na azidumishe kazi zetu baada ya sisi kuondoka. Aamin.