Mito Mitatu Katika Mto Mmoja: Makosa ya Sinema "The African Queen"

Kila apitaye gatini Port Bell huambiwa ya kuwa bandari hii ilipewa jina la Sir Hesketh Bell, aliyekuwa Gavana wa Uganda. Ni wachache waambiwao ya kuwa tagi moja ya mvuke ya ziwa letu, jina lake Buganda, mali ya East African Railways and Harbours, iliwahi kuwa mchezaji wa sinema. Ilipewa bendera ya Kijerumani, ikaitwa Louisa, na watu wa nchi za mbali wakaketi gizani wakiiogopa kama manowari.

Sinema hiyo ni The African Queen, iliyotolewa mwaka 1951. Mwongozi wake ni John Huston, na wachezaji wakuu ni Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Kisa kimetoka katika kitabu cha C. S. Forester cha mwaka 1935. Kwa wale wasioiona, habari ni hii. Ni Septemba 1914, katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Askari wachoma kijiji cha misheni, mhubiri afa, na dada yake, Rose, aondoka na fundi mmoja, Charlie Allnutt, mwenye mashua kuukuu ya mvuke. Rose atoa shauri wateremke mtoni mpaka ziwani, wakaizamishe Louisa kwa mabomu waliyoyatengeneza kwa mitungi ya gesi. Basi kuanzia hapo mtazamaji hapumui: risasi za ngomeni, maporomoko, matete yasiyo na njia, na mwishowe kitanzi.

Ndugu mwanafunzi, ukipata nafasi itazame mara ya pili. Mara ya kwanza moyo hungoja kujua kama mashua itapona, na macho hayaoni mengine. Mara ya pili chukua ramani.

Mto wa sinema huitwa Ulanga, na wasema humwaga maji yake katika ziwa. Ulanga ni mto wa kweli, uko Tanzania, lakini hauendi ziwa lolote. Huungana na Luwegu, ukawa Rufiji, na Rufiji huingia Bahari ya Hindi. Sehemu kubwa ya picha za mtoni zilipigwa katika mto Ruiki, karibu na Ponthierville, mji uitwao sasa Ubundu, huko Kongo. Maji ya Ruiki ni meusi kwa majani yaozayo, na msitu umeufunika pande zote. Nayo huenda katika mto Kongo mpaka Bahari ya Atlantiki. Picha nyingine zilipigwa kwetu Uganda, Butiaba kando ya Ziwa Albert, na karibu na maporomoko ya Murchison, mahali ambapo Nile hubanwa katika ufa wa mwamba na kuanguka kiasi cha meta 43. Maji hayo, ambayo yametoka katika ziwa letu hili kwa njia ya Jinja, huenda Mediterania. Kwa hiyo mashua ile hupita pindo moja la mto ikiwa katika maji ya Atlantiki, ikatokea pindo la pili katika maji ya Mediterania, na muda wote jina lake ni la Bahari ya Hindi! Toka Butiaba mpaka Ubundu ni zaidi ya kilomita 600. Tazama kingo za mto nawe utajua umevuka: msitu mzito hukoma ghafula, yakaja majani ya mbugani.

Jambo hilo lahusu vyombo pia. Mashua iliyocheza African Queen ilijengwa Uingereza mwaka 1912, ikaitwa Livingstone, na kazi yake ilikuwa upande wa Ziwa Albert. Baadaye ilipelekwa Marekani, na mwaka 2012 ilitengenezwa upya huko Key Largo, Florida. Buganda kazi yake ilikuwa Ziwa Victoria. Kati ya maziwa hayo mawili kuna maporomoko ya Karuma na Murchison, na hakuna stima iwezayo kuyashuka ikabaki stima. Vyombo ambavyo katika kisa vinagongana, kwa njia ya maji visingeweza kuonana kamwe.

Sasa twende katika maji yenyewe. Kila umwonapo Bogart au Hepburn ndani ya maji, huoni Afrika. Picha hizo zilipigwa katika birika kubwa la studio ya Isleworth, karibu na London, kwa kuwa maji ya huku yalidhaniwa kuwa ya hatari. Ruba wanaomganda Charlie mgongoni walikuwa wa mpira. Mashua ishukapo maporomokoni ni mfano mdogo katika birika, na hapa somo la fizikia lafaa. Fundi aweza kuipunguza mashua mara kumi, lakini hawezi kulipunguza tone la maji. Matone yakiruka, huonekana makubwa kuliko haki yake, na mawimbi huenda mbio mno. Macho yaliyozoea ziwa hugundua mara moja.

Picha za ndani ya mashua walizipiga juu ya chelezo, ambako walijenga mashua ya mfano ya kufunguka vipande vipande ili kamera kubwa ya rangi ipate nafasi. Boila yake haikufungwa, na siku moja nusura imwangukie Hepburn. Siafu waliwafukuza kambini. Tena wengi waliugua matumbo, isipokuwa Huston na Bogart ambao inasemekana walikunywa wiski mahali pa maji. (Wanafunzi wasiichukue hiyo kuwa kanuni ya afya.) Hepburn alikunywa maji, akaugua hasa. Katika picha ya kanisani, ambapo apiga kinanda kwa utulivu mwingi, ndoo ilikuwa imewekwa karibu, nje ya jicho la kamera.

Makosa hayo yote nayasamehe. Sinema ni mshono, na fundi mzuri huficha uzi. Liko moja ambalo halisameheki upesi, wala aghalabu halitajwi na waandikao makosa ya sinema. Mwanzoni kijiji kimejaa watu. Wajerumani wakiisha kukichoma, watu hao huchukuliwa, na tangu hapo mto wote mpaka ziwani ni mtupu: hakuna mvuvi, hakuna mtumbwi, hakuna hata moshi wa jiko. Nani amewahi kuona mto wa namna hiyo katika nchi zetu? Na vita vile vilikuwa vita vya watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa njiani, na jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, limebaki kutoka kwao. Mwaka 1915 Waingereza walipopeleka mashua mbili, Mimi na Toutou, mpaka Ziwa Tanganyika, hazikushuka mto wenye siri. Zilikokotwa nchi kavu kupitia Kongo, na watu wa nchi ndio waliokata miti na kujenga madaraja.

Mfano wa Louisa ulikuwa Graf von Götzen, meli ya Kijerumani ya Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916. Ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Na hapa Ulanga warudi. Mtu akiufuata mto ule wa kweli mpaka mwisho, angefika delta ya Rufiji, na mwaka 1915 angeikuta huko manowari ya kweli ya Kijerumani, Königsberg, iliyozama tarehe 11 Julai. Mizinga yake iliopolewa, watu wakaivuta kwa kamba, na mmoja ukasafirishwa mpaka Kigoma, ukawekwa juu ya Götzen. Baadaye jeshi lao likauhitaji kwingine, wakauondoa. Mahali pake wakaweka mzinga wa mti.