Dondoo muhimu: Bidhaa zako ziingie dukani?

MrBeast, mtengeneza maudhui wa Marekani, alizindua chokoleti za Feastables mwaka 2022, na mwaka huohuo zikaingia kwenye maduka ya Walmart. Nawe unayetengeneza maudhui Tanzania, duka linaweza kukufikisha kwa wateja wasiokufuata mtandaoni. Jipange kwanza:

• Piga hesabu ya bei ya jumla. Tuseme fulana inakugharimu sh 9,000 na mtandaoni unaiuza sh 20,000. Mwenye duka akiichukua kwa sh 13,000, faida yako inashuka kutoka sh 11,000 hadi sh 4,000. Ikiwa haikulipi, baki mtandaoni.

• Linda jina. Sajili alama ya biashara BRELA, au BPRA kwa Zanzibar, kabla fulana za kuiga hazijajaa Kariakoo.

• Timiza masharti. Chakula na vipodozi vipitie TBS. Supamaketi zitataka msimbomilia. Utaupata GS1 Tanzania.

• Mali kauli iandikwe. Mkataba utaje siku ya malipo, nani anabeba hasara ya bidhaa zilizoharibika, na zisizouzwa zitarudi lini.

• Anza na duka moja au mawili, mtaani walipo mashabiki wako. Bei ya mtandaoni isiwe chini mno, mwenye duka asione unamnyang'anya wateja.

Ushauri wetu: ingia dukani pale wateja wa mtandaoni wanaporudi kununua mara ya pili. Umaarufu huuza mara moja; ubora ndio unaomrudisha mteja.