Reli ya Denniston: Mzigo Uliojishusha Wenyewe

Kwa nini reli ya kawaida haikufaa Denniston?

Makaa ya mawe ya Denniston, karibu na mji wa Westport katika Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi, yalichimbwa kwenye uwanda ulioinuka takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, ilhali reli ya kuelekea bandarini ilipita bondeni. Kichwa cha treni hutegemea msuguano, yaani mshiko wa gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma, nao ni mdogo kiasi kwamba wahandisi kwa kawaida huepuka mwinuko unaozidi mita 1 kwa kila mita 40. Kwa kipimo hicho, kushuka mita 518 kutoka uwandani hadi reli ya bondeni kungehitaji njia ya zaidi ya kilomita 20. Reli ya Denniston iliyafanya hayo katika takriban mita 1,670.

Mabehewa yaliendeshwa na nini?

Yaliendeshwa na uzito wa makaa yenyewe. Behewa lililojaa lilifungwa kwenye kamba ya waya iliyozungushiwa pipa kubwa la chuma, na lilipokuwa likishuka lilivuta behewa tupu lililopanda kwenye reli ya pili, hivyo kazi ngumu ikabaki kuzuia mwendo, ambayo ilifanywa na breki za nguvu ya maji. Njia iligawanywa sehemu mbili, kila moja na pipa lake na breki zake.

Hatari yake ilikuwa ipi?

Kamba ilipokatika au ndoano ilipochomoka, behewa lilikimbia hadi likaruka nje ya reli. Watu nao walipanda na kushuka ndani ya mabehewa hayo, kwa kuwa hadi mwaka 1884 hapakuwa na njia nyingine ya kufika kwenye makazi ya wachimbaji.

Mfumo huu unafaa wapi?

Unafaa pale tu mgodi unapokuwa juu na soko chini. Kwa sharti hilo, Denniston ilifanya kazi kuanzia mwaka 1879 hadi 1967, ikashusha zaidi ya tani milioni 12. Hata hivyo, ufanisi huo haufuti kasoro ya miaka ya mwanzo: mpango wa mgodi haujakamilika iwapo makaa yamepatiwa njia na wachimbaji hawajapatiwa yao.