Kukimbia Wakati wa Kaskazi

Kilimanjaro Marathon hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kwa hiyo mkimbiaji wa Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar anayejiandaa nayo hulazimika kufanya mazoezi mazito Desemba hadi Februari, miezi ya kaskazi, joto likiwa limepamba moto. Wapo wanaoacha kwa kushindwa na joto, na wapo wanaoangushwa na lengelenge moja lililopuuzwa. Kijitabu hiki ni chao.

Punguza mwendo, usiache mazoezi

Jasho hupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi. Pwani hewa imeshiba unyevu, hivyo jasho huchuruzika tu hadi kwenye soksi na mwili hubaki na joto lake. Damu nayo inatakiwa kwenye misuli na pia kwenye ngozi ili kutoa joto, kwa hiyo moyo hupiga mbio zaidi kwa mwendo uleule wa siku zote. Ukiona kilomita uliyozoea kuimaliza kwa dakika 6 sasa inakuchukua 6 na nusu, hujadhoofika. Mwili unafanya kazi mbili kwa mpigo.

Hata mabingwa hupungua kasi. Aprili 2025 Mtanzania Alphonce Simbu alishika nafasi ya pili kwenye marathoni ya Boston kwa saa 2:05:04. Septemba mwaka huohuo, kwenye joto na unyevu wa Tokyo, alitwaa ubingwa wa dunia kwa saa 2:09:48. Kweli, mbio za ubingwa huwa za kuviziana, na njia za miji hiyo hazifanani. Lakini hizo dakika karibu tano za ziada hazikumnyima ubingwa.

Basi weka saa ya mkononi kando na ujipime kwa pumzi: ukiweza kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kuhema katikati, mwendo unatosha. Anza na dakika 20 hadi 30, uongeze kidogo kidogo. Mwili huchukua siku 10 hadi 14 kuzoea joto. Jasho huanza kutoka mapema zaidi na damu huongezeka majimaji. Ukikaa wiki mbili tatu bila kukimbia kwenye joto, mazoea hayo hupotea.

Toka saa 11 alfajiri, mkiwa wawili au zaidi, mmevaa nguo za kung'aa ili madereva wawaone. Wanaofunga Ramadhani wakimbie taratibu dakika chache kabla ya futari, au baada ya tarawehe.

Maji

Jipime uzito kabla na baada ya kukimbia. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho. Irudishe polepole kwa saa kadhaa. Kunywa maji kupita kiasi nako ni hatari, kwa sababu chumvi ya damu huzimuliwa. Ukirudi na uzito mkubwa kuliko ulioondoka nao, umezidisha. Baada ya mbio ndefu, dafu na chakula chenye chumvi vinafaa sana.

Mwenzenu akizidiwa na joto na kuanza kuyumba, kuongea maneno yasiyoeleweka au kuanguka, msimkimbize hospitali akiwa bado anaungua. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mengi ya baridi mwili mzima huku mkimpepea na mwingine akitafuta gari. Asipojitambua, msimnyweshe chochote.

Miguu

Ngozi iliyolowa huchubuka upesi, na hapo ndipo joto na miguu hukutana. Soksi za pamba hushika jasho. Tafuta za nailoni au poliesta, na kwa mbio ndefu paka mafuta mazito ya mgando kwenye vidole. Raba za mtumba hazina ubaya, ila ikunje soli kwanza: ikiwa ngumu au ina nyufa, iache. Zijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba.

Lengelenge dogo liache, lifunike kwa plasta. Kubwa linalouma, osha kwa sabuni, litoboe pembeni kwa sindano safi iliyopanguswa spiriti, kamua maji, ila usiing'oe ile ngozi ya juu. Ndiyo bandeji bora kuliko zote. Mwenye kisukari asijitoboe kamwe, aende zahanati.

Fangasi za vidoleni hupenda unyevu. Kausha katikati ya vidole, anika raba, na paka klotrimazole hadi wiki mbili baada ya muwasho kwisha. Wengi huacha siku ya nne, nazo hurudi.

Kisigino kinachouma hatua za kwanza asubuhi kisha kikalegea, kinyooshee msuli wa shavu la mguu kila siku, viringisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda, na punguza kilomita. Lakini maumivu ya sehemu moja ya mfupa, unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, yanayozidi kila ukikimbia na kukuamsha usiku, yanaweza kuwa ufa. Hapo simamisha mbio siku hiyohiyo, ukamwone daktari.