Harufu katika Mtungi wa Pombe: Mfano wa Somo la Uchachukaji

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja alikuwa akifundisha uchachukaji katika darasa la sita huko Mkiwa, pale barabara ya Itigi inapochepuka kutoka ile ya Dodoma na Singida. Mtoto mmoja akanyosha mkono, akauliza: «Mwalimu, kwa nini pombe ya mama hunuka rangi ya mlango wakati wa joto?» Darasa likacheka. Mwanachuo akamwamuru aketi, akasema kwamba shuleni hapazungumzwi ulevi. Sisi tulioketi nyuma tuliona somo likifa papo hapo.

Swali lile lilikuwa bora kuliko andalio zima la somo. Mama ambaye pombe yake imeharibika humwaga mtama, kuni na maji, na katika nchi kavu kama hii hakuna hata kimoja kipatikanacho bure. Huenda madaftari ya mtoto yalitegemea mtungi huo.

Mwalimu hana budi kulielewa jambo lenyewe kwanza. Mtama huloweshwa, huchipushwa, hukaushwa na kusagwa kuwa kimea. Kimea hugeuza wanga wa uji kuwa sukari. Kisha hamira, ambayo ni viumbe hai vidogo mno, hula sukari hiyo na kutoa alkoholi pamoja na hewa ya kaboni dayoksaidi. Kazi hiyo yenyewe huzaa joto, kwa hiyo mtungi mkubwa huweza kuwa na joto kuliko chumba ulimowekwa. Joto linapopita nyuzi 30 hivi za Selsiasi, hamira huenda mbio na kutoa alkoholi nzito na esta kwa wingi. Hiyo ndiyo harufu ya rangi, au ya ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Si kila harufu hutokana na sababu hiyo. Harufu ya siki huletwa na bakteria wanaogeuza alkoholi kuwa asidi wapatapo hewa. Harufu kama ya siagi iliyooza huonyesha kwamba bakteria wengine waliuwahi uji uliokaa vuguvugu muda mrefu. Ama uchachu mfano wa maziwa mgando, huo ni tabia ya pombe ya mtama, wala si kosa. Tena wanafunzi waelezwe wazi kwamba pua haiwezi kuthibitisha kuwa kinywaji hakina sumu.

Harufu ya rangi ikishaingia haiondoki kwa urahisi. Dawa yake ni kuizuia. Uji upoe sawasawa kabla ya kutiwa chachu, na kazi hiyo ifanywe jioni. Mtungi wa udongo uliofunikwa gunia bichi na kuwekwa kivulini hupoa, kwa sababu maji hupenya katika udongo na kuondoka kuwa mvuke. Ndoo ya plastiki haitoi jasho namna hiyo. Chombo kilichowahi kutiwa dawa ya wadudu kisitumike kamwe.

Darasani hatutumii pombe, wala hakuna kuonja. Chukua chupa tatu zenye maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko viwili na hamira nusu kijiko kila moja. Vika midomo yake puto, wala usizizibe kwa kifuniko kwani huweza kupasuka. Moja iwekwe juani, ya pili ndani ya darasa, ya tatu kivulini ikiwa imezungushiwa kitambaa kibichi. Wanafunzi waandike baada ya kila dakika 15 ni puto lipi limevimba zaidi. Wasitarajie harufu ya rangi katika muda mfupi hivyo; watakachoona ni mwendo wa hamira kufuata joto.

Mwanachuo yule alikirudia kipindi juma lililofuata. Safari hii alimwomba mtoto aeleze mtungi wa nyumbani huwekwa wapi. Akajibu kwamba hukaa stoo, chini ya bati, karibu na meko. Wenzake wakageuka kuitazama chupa ya juani, na hakuna aliyecheka.