Nani Ana Ruhusa ya Kuirekebisha Kazi Yako: Mwongozo kwa Mameneja wa Bidhaa

Mwongozo huu ni wa mameneja wa bidhaa, yaani watu wanaoamua huduma ya simu, programu au mfumo fulani utafanya nini, utamfanyia nani, na yapi yataachwa. Wengi wao hawakuisomea kazi hii. Walitoka kwenye uhandisi wa programu, masoko, benki, uhasibu, hata ualimu, wakajifunza wakiwa kazini. Vitabu wanavyosoma vimeandikwa na watu wa fani hiyohiyo, kwa hiyo wanarithi makosa ya fani pamoja na ujuzi wake. Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kuchelewa kuionyesha kazi kwa mtu mwenye uwezo wa kuikosoa. Bidhaa hupita kwa wakuu wa idara mmoja baada ya mwingine, hupigiwa makofi kikaoni, kisha humfikia mteja ikiwa imeshakula miezi na fedha. Wakati huo hakuna tena anayethubutu kusema kwamba haifai.

Fani nyingine zimehangaika na jambo hili kwa muda mrefu kuliko sisi. Nimechagua nne: tamthilia, utafiti wa maisha ya watu, ushairi na upasuaji. Tamthilia nitaikalia zaidi, kwa kuwa somo lake ndilo gumu kulikubali.

Mazoezi ya wazi

Kamiriithu ni kijiji kilicho karibu na Limuru, Kenya. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliandika mchezo wa kuigiza kwa Kikuyu kwa ajili ya kituo cha elimu na utamaduni cha kijiji hicho. Mchezo huo ni Ngaahika Ndeenda, ambao baadaye ulitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Rasimu ilipokuwa tayari ilisomwa mbele ya wanakijiji wenyewe: wakulima wadogo, vibarua wa mashambani, wafanyakazi wa viwandani, wazee waliopitia miaka ya Mau Mau. Kwa muda wa miezi miwili hivi waliichambua, wakaongeza na kupunguza.

Marekebisho yao hayakuwa ya juujuu. Walipinga lugha waliyopewa wahusika, wakisema mzee haongei hivi, na kama mnataka aonekane na heshima basi mpeni methali za kumfaa. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha jirani walikaa chini wakapiga hesabu ya kazi yao, wakionyesha thamani ya wanachozalisha kwa siku na ujira wanaobaki nao, ili kuwafafanulia waandishi ambao hawakuwahi kufanya kazi kiwandani. Mazoezi nayo yalifanyika hadharani. Aliyepita njiani alisimama akatazama, akakosoa, kesho yake akarudi na jirani. Jukwaa na viti vya watazamaji zaidi ya 2,000 vilijengwa na wanakijiji. Oktoba mwaka huo, mchezo ulipofunguliwa rasmi, wengi waliokuja kuutazama walikuwa wameshashiriki kuutengeneza.

Serikali ilifuta kibali cha maonyesho mwezi Novemba. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa siku ya mwisho ya mwaka na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa, na mwaka 1982 ukumbi ule ukabomolewa. Nayataja haya ili msomaji asidhani nalinganisha mapambano ya watu na programu ya simu. Ninachokiazima ni mbinu ya kazi tu, nayo inafaa kuazimwa kwa heshima.

Tazama waandishi wale walichokubali. Walikuwa wasomi, mmoja wao alikuwa mwandishi mwenye jina duniani na mwalimu wa chuo kikuu. Hata hivyo waliwapa wasikilizaji ruhusa ya kubadili maandishi yenyewe, wakati kuyabadili bado kulikuwa rahisi. Kufanya hivyo ni tofauti na kuwagawia watu dodoso wakishatazama. Meneja wa bidhaa anayetaka kufanya mazoezi ya wazi na afanye hivi:

Kabla wahandisi hawajaandika mstari hata mmoja, andika huduma nzima kwa maneno, hatua kwa hatua, kama mteja atakavyoiona. Isome kwa sauti mbele ya watu watano au sita watakaoitumia au watakaobeba lawama zake. Usiwaonyeshe picha nzuri za skrini, kwani picha iliyonakshiwa humtisha mtu asiseme. Karatasi yenye mwandiko wa mkono inatosha, na kalamu awe nayo yeyote anayetaka.

Tuseme unaandaa huduma ya kulipia maji kwa simu ya kitochi. Umesoma hatua ya tatu: weka namba ya mita. Wakala wa pesa anainua mkono na kuuliza: mteja akikosea tarakimu moja, hela inakwenda kwa nani? Unamjibu kwamba mteja atapiga simu huduma kwa wateja. Anatikisa kichwa. Mteja hapigi simu popote, anarudi kwenye kibanda cha wakala akiwa na hasira na foleni ipo. Mama lishe aliyekaa pembeni anaongeza kwamba mita ya nyumba yao ni moja kwa wapangaji wanne, na bili hulipwa kwa kuchangishana, kwa hiyo yeye anataka kulipa sehemu yake na kupata ujumbe wa kumwonyesha mwenye nyumba. Kwa dakika kumi umepata mambo mawili: jina la mwenye mita lionekane kabla ya kuthibitisha muamala, na malipo ya sehemu ya bili yaruhusiwe. Hakuna ripoti ya mauzo ambayo ingekupa lolote kati ya hayo, maana ripoti huhesabu waliofanikiwa kulipa.

Sharti la kikao hicho ni moja nalo halina msamaha. Kila pingamizi liandikwe kama lilivyosemwa, na katika kikao kinachofuata usome mbele ya watu walewale lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa, na kwa sababu gani. Bila hivyo utakuwa umewaita kupamba kazi yako. Watu hutambua upesi wanapoitwa kupamba.

Kutazama matumizi ambayo hukuyapanga

Somo la pili linatoka kwa wanaotafiti maisha ya watu kwa kukaa nao. Wao huangalia watu wanafanya nini, kisha ndipo huuliza.

M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, ilianza majaribio nchini Kenya mwezi Oktoba 2005, ikiwa na wateja wasiozidi 500. Nia ya kampuni za simu za Vodafone na Safaricom ilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo, Faulu Kenya, kurejesha mikopo kwa simu. Timu iliyoongozwa na Susie Lonie ilifuatilia wateja hao kwa karibu na kugundua kwamba wanafanya mambo mengine kabisa. Walikuwa wakitumiana pesa wao kwa wao. Wengine waliweka fedha kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa walikofika, wasitembee nazo mfukoni. Wapo waliomlipia mwenzao rejesho naye akawalipa kwa njia nyingine. Wakati huohuo upande wa mikopo ulikuwa mzito, kwa kuwa hesabu za taasisi hazikuoana vizuri na mfumo mpya. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, urejeshaji mikopo ulikuwa umewekwa kando na ujumbe kwa umma ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani.

Ujasiri wa uamuzi huo ndio unaonivutia. Mradi ulikuwa na wafadhili, mshirika na lengo lililoandikwa. Ingekuwa rahisi kuyaita matumizi yale upotoshaji wa mfumo na kuyafungia. Kwenye huduma yako mwenyewe, tafuta mambo yanayofanana na hayo: wateja wanaotumiana shilingi moja ili kuhakiki jina, wanaoandika ujumbe kwenye sehemu ya maelezo ya muamala, wanaotumia akaunti moja watu watatu. Kabla ya kuyazuia, nenda ukakae kibandani kwa wakala kutwa nzima, uone tabu ipi imewafikisha hapo. Asiende mtafiti peke yake. Mhandisi aende, na wewe uende.

Kipimo ambacho kila mtu anakijua

Shairi la tarbia la kimapokeo lina mishororo minne katika kila ubeti, mizani kumi na sita kila mshororo, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizieleza sheria hizo katika kitabu chake cha mwaka 1954. Watu huzisifu kwa utamu wa sauti. Kwa meneja wa bidhaa zina faida nyingine, nayo ni kwamba zinajulikana na wote. Msikilizaji asiyejua kuandika anasikia mzani ulipopungua, na anaweza kumwambia mtunzi ana kwa ana. Hahitaji kuwa mhariri.

Jiulize kama kazi yako ina kipimo cha namna hiyo. Mara nyingi tunaandika kwamba huduma iwe rahisi na ya haraka, na maneno hayo hakuna awezaye kuyapima, hivyo mwenye cheo ndiye anayeamua kama yametimia. Andika badala yake: mtu anayeitumia kwa mara ya kwanza amalize kulipa bila kuuliza, na muamala ukikwama, ujumbe wa kueleza hela ilipo umfikie kabla hajatoka kibandani. Kipimo kikiwa hivyo, binti wa dawati la huduma kwa wateja anaweza kusema kazi haijaisha, na mkurugenzi hana la kujibu.

Ushairi una somo la pili, la ufinyu wa nafasi. Ujumbe mfupi wa simu unachukua herufi 160. Menyu ya nyota na reli inachukua herufi 182, pamoja na namba za machaguo na nafasi kati ya maneno. Hizo ndizo mizani zako. Mtunzi akibanwa na mizani hutafuta neno lingine ambalo maana yake ni ileile na urefu wake unatosha, naye hulisoma kwa sauti kabla ya kulikubali. Waandishi wa menyu zetu hufanya kinyume: wanatafsiri kutoka Kiingereza, wanaona sentensi ni ndefu, wanakata maneno mpaka yanakuwa fumbo. Mtu anayetuma ada ya shule ya mtoto wake hastahili fumbo. Mpe kazi hiyo anayeandika Kiswahili vizuri, umwingize kwenye timu tangu mwanzo, na umlipe kama mbunifu.

Ni kweli kwamba sheria hizo za ushairi zilipingwa. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na mabishano ya wanamapokeo na wanamageuzi yakadumu miaka mingi. Kipimo kinaweza kuvunjwa, ila avunje anayekijua, tena mchana kweupe.

Muuguzi anayesimamisha chumba

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama katika upasuaji, yenye vipengele 19. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Timu husimama mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Husema majina yao na kazi zao. Huthibitisha mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi. Mwisho huhesabu vifaa na vitambaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Vipengele vyenyewe ni vya kawaida mno. Uzito uko kwa anayeviuliza. Mara nyingi ni muuguzi, na kwa dakika ile daktari bingwa anangoja jibu kama wengine. Mkiwa mnaachia toleo jipya, mteueni mtu mmoja asiye mkubwa wa timu aulize maswali machache kwa sauti: tukikwama tunarudi vipi kwenye toleo la zamani, nani yuko kazini usiku, mawakala wameambiwa nini, makato yameandikwa sawa kwenye ujumbe? Asiporidhika, toleo haliondoki siku hiyo. Andikeni haki yake kwenye utaratibu wa kazi, maana siku ya presha ndiyo siku atakayonyamazishwa.

Tahadhari ni hii. Mwaka 2014 ulitoka utafiti wa hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, zilizotakiwa kutumia orodha kama hiyo, na vifo havikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Maelezo yaliyotolewa ni mengi. Linaloniingia akilini zaidi ni kwamba karatasi hujazwa upesi kuliko watu wanavyozoea kusimama na kusikilizana. Kama timu yako inatia alama zote bila mtu kuinua kichwa, punguza maswali yabaki matano, na yaulizwe kwa mdomo.

Mahali pa kuanzia

Usianzishe mambo yote manne kwa pamoja. Anza na mazoezi ya wazi, kwa huduma moja, kabla ya toleo lijalo. Waalike watu wanaopoteza kipato wakiacha shughuli zao, kama wakala, bodaboda, mama lishe na mwenye duka, na chagua saa ambazo biashara yao imelala. Fanyieni kwao, chini ya mwembe au nyuma ya duka, maana kwenye ukumbi wa ofisi yako watakuwa wageni, na mgeni hakosoi chakula cha mwenyeji. Omba bajeti ya kikao hicho mapema kama unavyoomba ya matangazo, na iwe na nauli na posho inayolingana na saa zao. Walipwe siku hiyohiyo kabla ya kuondoka, wawe wameisifu kazi yako au wameikataa.