SOMO: MUDA WA KUSHONA UTATOKA WAPI?

Ndugu wa vikundi, hapa Kakamega mvua hunyesha mara nyingi alasiri. Shamba limelowa, jembe limepumzika. Hiyo ndiyo nafasi yetu ya kushona. Tukingoja siku isiyo na kazi, Januari itatukuta watoto wanataka sare na kitambaa bado kimekunjwa.

Tufanye hivi:

1. Siku ya mkutano tukate vitambaa pamoja. Kila mmoja aende na vipande vyake.
2. Ukipata nusu saa, maliza mshono mmoja tu.
3. Usishone usiku kwa koroboi. Macho huumia, na mwili uliochoka hukosea.
4. Mabaki tuyaunganishe yawe blanketi la mtoto.

Swali la kikundi: Nyumbani kwetu, nani mwingine anaweza kuchota maji ili mama apate nusu saa hiyo?